Titaniamu ikikunjwa baridi inajirudi, mafundi bati tuelewane

Vijana wengi wanaokuja chuoni kwetu hapa Mwanza wametokea magereji na kwa mafundi bati, wamezoea ukikunja bati la mfereji linakaa pale pale ulipoliacha, sasa wakisikia Dreamliner kama ile ya Air Tanzania karibu asilimia 15 ya uzito wa bodi yake ni metali ya titaniamu wanauliza, si nayo inakunjwa tu?

Inakunjwa, ila ukiachia presi inajirudi, tena sana. Aloi ya titaniamu (yaani titaniamu iliyochanganywa na metali nyingine) inayotumika zaidi kwenye ndege, ile yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, haishiki umbo jipya mpaka mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo, ufike kama megapaskali 880, wakati chuma laini kinakubali, yaani kinashika umbo jipya, kwenye 250 hivi. Halafu inanyumbuka kirahisi kuliko chuma, karibu mara mbili. Piga hesabu utaona titaniamu inavutika kama asilimia 0.8 kabla haijakubali, chuma ni kama 0.12 tu, na mnyumbuko huo ndo unaokurudia.

Wengi wanadhani kona kali ndo ngumu. Kona kali inapasua shiti, hilo kweli, lakini kwa kujirudi mpindo mpana kwenye shiti nyembamba ndo balaa, maana ngozi ya nje na ya ndani zimekubali kidogo tu, katikati ya unene bado ni springi tupu.

Kwa hiyo kalibu, ile fomu ambayo presi inakandamizia shiti, inachongwa ikiwa imepinda kuliko kipande kinachotakiwa. Kiasi gani? Usinakili cha mzigo uliopita, shiti zinatofautiana, kata kipande cha majaribio kwenye shiti hiyo hiyo, mwelekeo ule ule wa kuroli, kunja, achia, pima. Wengine wanaivuta shiti huku wanaikunja ili unene wote ukubali, inasaidia sana. Au wanaimalizia kwa moto, nyuzi 650 mpaka 800, ila hapo hewa inaiachia ngozi ngumu inayopasuka, lazima iondolewe kwa asidi.

Ninachowaomba sana ni kimoja: kipande kikikataa kukaa kwenye geji, kile kifaa cha kupimia umbo lake, msikivute kwa boliti mpaka kilale. Mkazo ule unabaki ndani, ndege inaruka na kutua kila siku na ufa unaanzia kwenye tundu la boliti. Fungueni klampu zote, kiacheni kikae chenyewe, ndo mpime mwanya kati yake na geji, ukizidi kiasi kinachoruhusiwa kirudi kwenye presi.