Uzito unaporudi baada ya baipasi ya tumbo: kipi kikazwe, kipi kiachwe

Aliyefanyiwa baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kupunguza unene, kwa kawaida hufikia uzito wake wa chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili. Baada ya hapo kilo chache hurudi, na hilo si ugonjwa. La kuchunguzwa ni uzito unaopanda mwezi hadi mwezi, huku sukari au presha iliyokwisha kutulia ikianza upya. Hapo ndipo wagonjwa huja na ombi moja: "Daktari, nikaze tena." Kukaza kunawezekana, ila kwanza ijulikane kilicholegea ni nini. Mara nyingi hakuna kilicholegea.

Katika baipasi, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 15 hadi 30, nacho huungwa na utumbo mwembamba kwa tundu la sentimita 1 hadi 1.5. Tumbo la zamani halitolewi. Linabaki mle mle, na majimaji yake pamoja na nyongo hukutana na chakula mbele zaidi, kama sentimita 75 hadi 150 chini ya maungio hayo ya kijifuko na utumbo.

Kijifuko hicho huzuia sahani ya wali, hakizuii juisi ya miwa. Soda na chai ya maziwa yenye sukari hupita bila kushibisha, na vivyo hivyo kudonoadonoa visheti na kashata mchana kutwa. Ramadhani ina mtego wake: mfungo haunenepeshi, bali kula kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Wapo pia wanaotetemeka na kutoka jasho saa moja hadi tatu baada ya kula kitamu, kwa sababu sukari ya damu imeshuka ghafla, nao hukimbilia tende au halwa kujituliza na kuanza mzunguko upya. Hao dawa yao ni kupanga mlo, si kisu. Angalia na dawa unazotumia: prednisoloni, insulini na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza kuongeza uzito. Tezi ya shingo nayo ipimwe.

Yakishaondolewa hayo, hufuata endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, kupima urefu wa kijifuko na upana wa tundu. Eksirei ya kumeza bariamu huonyesha kama chakula kinapenya kurudi tumbo la zamani. Kitu kimoja husahauliwa sana: ripoti ya upasuaji wa kwanza. Wagonjwa wetu wengi wa Zanzibar wamefanyiwa Dar es Salaam au India, na karatasi ya ruhusa waliyorudi nayo imeandikwa jina la upasuaji tu. Daktari wa upasuaji wa marudio anahitaji urefu wa kila kipande cha utumbo kwa sentimita. Iombe hospitali ile ripoti kamili kabla hujapanda boti kwenda kumuona.

Penye njia iliyojitoboa kati ya kijifuko na tumbo la zamani, upasuaji una sababu iliyo wazi kuliko zote. Njaa hurudi, na asidi hupanda kuchoma maungio hadi vidonda. Daktari huikata njia hiyo na kutenganisha pande mbili. Kuiziba kwa endoskopi mara nyingi hakudumu.

Tundu likipita sentimita 2, hushonwa kwa endoskopi, bila kupasua tumbo, hadi libaki milimita 8 hadi 10. Mgonjwa hulazwa usingizi, huruhusiwa siku hiyo au ya pili, kisha hula vya majimaji kwa wiki kadhaa ili nyuzi zishike. Likikazwa kupita kiasi atatapika, na itabidi lipanuliwe kwa puto. Asitegemee kupungua kama mara ya kwanza.

Kupunguza kijifuko peke yake hatukupendekezi sana, maana faida yake mara nyingi hupotea. Pete ya silikoni inayovishwa kijifuko husaidia baadhi ya watu, lakini inaweza kuteleza au kula ukuta wa tumbo.

Upasuaji unaopunguza uzito zaidi ndio unaotutia hofu zaidi: kusogeza maungio ya nyongo chini, ili chakula kifyonzwe kwenye utumbo mfupi. Utumbo unaopitiwa na chakula, tangu kijifuko hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ukiachwa chini ya mita 3, mgonjwa huharisha choo chenye mafuta, miguu huvimba kwa kukosa protini, na macho hushindwa kuona usiku kwa upungufu wa vitamini A. Wengine hurudishwa chumba cha upasuaji kurefushwa tena. Baadaye huhitaji protini gramu 90 au zaidi kwa siku, vitamini maisha yote, na vipimo vya damu kila baada ya miezi michache. Asiyeweza kuvifuatilia kwa sababu ya safari au gharama, kwa maoni yetu, asifanyiwe.

Upasuaji wowote wa marudio una hatari kubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu viungo vimegandana na maungio huweza kuvuja. Acha sigara mapema, na usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni. Kwa wengi, sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi au tirzepataidi zijaribiwe kwanza, ingawa ni ghali na uzito huelekea kurudi zikiachwa.

Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata miaka mingi baada ya baipasi, huenda ni utumbo uliojipenyeza na kunasa. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja ukiwa Unguja, au Abdulla Mzee ukiwa Pemba, usiku huo huo, na utaje baipasi kabla ya jambo jingine. Aliyetapika siku kadhaa mfululizo apewe sindano ya thiamini (vitamini B1) kwanza, ndipo dripu ya glukosi ifuate.