Udahili wa vyuo vikuu Tanzania: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, mtaani kila mtu anakuwa mtaalamu wa udahili, mjomba ana lake, jirani ana lake, na kijana mwenyewe mara nyingi hayupo, yuko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na simu hana. Naandika haya kwa sababu kuna vijana wenye sifa kabisa wanabaki nyumbani kwa maneno ya kuambiwa tu, na inauma sana.

Kubwa kuliko yote ni hili la "angalia divisheni", eti divisheni ndiyo inaamua nani aende chuo. Hapana jamani. Divisheni ni hesabu ya NECTA (Baraza la Mitihani), kwao A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, wanajumlisha masomo matatu ya kombi (mchepuo) na mwenye chache ndio kafaulu zaidi. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wao wanageuza, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S wanaipa nusu tu, huku mwenye nyingi ndio yuko vizuri, na kiwango cha chini kabisa cha kuingia digrii ni prinsipo mbili (yaani A mpaka E) zenye jumla ya 4.0 kwenye masomo yanayotakiwa na kozi husika. Kwahiyo mtu akikwambia dogo ana pointi 12, muulize kwanza ni pointi za NECTA au za TCU.

Chukua vijana wawili wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), wote divisheni 2 ya pointi 12. Mmoja ana D tatu. Mwenzake ana C ya Kemia, C ya Baiolojia na S ya Fizikia. Mtaani watakwambia huyu wa C mbili ndio daktari mtarajiwa, kumbe S sio prinsipo na udaktari wa binadamu unataka prinsipo zote tatu, hivyo huko kashakwama kabla hata hajajaza fomu. Wa D tatu angalau anazo zote tatu, japo kupata ni vita nyingine maana wenye A na B ni wengi na nafasi ni chache. Ila huyu wa C mbili ana 6.0 zake safi, kozi yoyote inayotaka Kemia na Baiolojia tu anaomba bila wasiwasi. Na yule wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mwenye D, D na E, divisheni 3 ya pointi 13, ambaye ndugu wameshamkatia tamaa? Zile D mbili ni 4.0 tayari, mwacheni aombe.

Wengine bado wanaamini TCU ndio inakupangia chuo. Hiyo ilikuwa enzi za mfumo wa pamoja wa udahili, ulianza 2010 na ukaondolewa 2017. Siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye chuo, na ukiomba vitatu unaweza kuchaguliwa vyote vitatu, halafu unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba maalum inayotumwa kwa meseji au imeili kabla ya tarehe waliyopanga. Hapa ndio pananiumiza. Dada mtu anaenda steshenari kumuombea mdogo wake aliyeko JKT, kijana wa steshenari ana foleni ya watu kumi, anaweka namba yake ya simu na imeili yake ili kazi iende haraka, analipwa, basi. Wiki kadhaa baadaye meseji ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata jina la mteja halikumbuki, siku zinapita na nafasi inapotea, nyumbani wanasema "TCU wamemtupa". Tumieni namba ya mwombaji au ya mzazi, na pasiwedi iandikwe kwenye daftari nyumbani, tafadhali sana.

Mkopo nao una yake. Kuchaguliwa chuo hakukuletei mkopo, HESLB (bodi ya mikopo) ni maombi mengine kabisa na dirisha lake lingine, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kwa hiyo anza mapema. Sio kweli kwamba wa vyuo binafsi hawapewi, wanapewa pia. Na sio zawadi, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inawatesa wadaiwa ilifutwa 2021, ila bado wapo wanaoikimbia bodi kwa kuogopa kitu ambacho hakipo tena.

Kuhusu diploma kwamba ni ya waliofeli, sikubali hata kidogo. Ukiwa na GPA (wastani wa alama za diploma) ya 3.0 kwenye fani inayoendana unaomba digrii kama mwenzako wa kidato cha sita, na unaingia darasani ukiwa na mikono iliyozoea kazi. Tangu elimu bila ada ianze 2016, na 2022 ikafika hadi kidato cha tano na sita, wanaomba wengi kuliko zamani, kwahiyo njia hii wataipita wengi tu.

Na ukikosa awamu ya kwanza usitupe cheti kabatini. Kawaida kuna awamu ya pili, na vyuo vinatangaza kozi zenye nafasi zilizobaki, omba hizo badala ya kurudia ileile iliyojaa.