Ertuğrul wa kwenye runinga si yule wa kwenye historia

Tamthilia ya Diriliş: Ertuğrul ilirushwa na TRT, runinga ya taifa ya Uturuki, kuanzia 2014 hadi 2019. Pakistan iliipokea kwa kishindo Ramadhani ya 2020, ilipoonyeshwa na runinga yao ya taifa, PTV, kwa Kiurdu. Tangu hapo Waislamu wengi wanaisimulia kana kwamba ni sira, yaani historia ya kweli ya maisha yake.

Sivyo. Kuhusu Ertuğrul, baba yake Osman mwasisi wa dola ya Uthmaniya, kinachojulikana kwa yakini hakijazi hata ukurasa. Jina lake limo kwenye sarafu ya mwanawe: "Osman bin Ertuğrul". Kaburi linalonasibishwa naye lipo mji wa Söğüt, Uturuki. Masimulizi mengine yaliandikwa karne ya 15, zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake, tena hayakubaliani hata baba yake alikuwa nani: Süleyman Şah, kama tamthilia inavyosema, au Gündüz Alp. Na Ibn Arabi, yule sheikh wa kisufi ambaye kwenye tamthilia anamtokea Ertuğrul kila akikwama? Alikuwepo kweli, akafariki Damascus 1240, ila hakuna ushahidi kwamba walikutana.

Mchanganyiko huu umefika mbali. Mwaka 2020, mjini Ordu, Uturuki, sanamu ya Ertuğrul iliondolewa kwa sababu sura yake ilikuwa ya mwigizaji, Engin Altan Düzyatan. Naye Esra Bilgiç, aliyeigiza Halime, mke wa Ertuğrul, alishambuliwa na mashabiki wa Pakistan kwa mavazi yake Instagram, utadhani alikula kiapo cha kubaki Halime maisha!

Kuipenda ruksa. Sehemu kubwa ya visa vyake, hata hivyo, vimetungwa na waandishi.