Ngao ilikwenda wapi? Silaha na kinga za askari wa miguu, kutoka Misri ya kale hadi Unyamwezi

Wanafunzi wakifika makumbusho yetu hapa Tabora, kitu cha kwanza wanachotaka ni kushika mkuki. Tunao mmoja tuliouweka kwa kazi hiyo, nami huwaachia waupokezane. Wengi hushangaa ulivyo mwepesi. Bapa la chuma halizidi kiganja na vidole vyake. Ukilisogeza karibu na jicho utaona vibonyo vya nyundo ya mhunzi, kimoja kando ya kingine, na mshipa alioufua katikati ili bapa lisipinde.

Siku moja binti wa darasa la sita aliupima ule mkuki mkononi, akautazama mkono wake wa kushoto uliobaki mtupu, akaniuliza: "Mwalimu, na ngao yake iko wapi?" Wenzake walikuwa wanangoja zamu, nikamjibu kwa kifupi. Hapa nataka kumjibu kwa kirefu, maana ukiifuata ngao unaifuata historia nzima ya askari wa miguu, ya dunia na ya kwetu Unyamwezi.

Katika makumbusho ya Cairo kuna vinyago vya mbao vilivyotoka kwenye kaburi la kiongozi mmoja wa Asyut, Mesehti, vilivyochongwa takriban miaka 4,000 iliyopita. Ni vikosi viwili vya watu 40 kila kimoja, wakitembea kwa safu. Kikosi cha kwanza ni wapiga upinde wa Nubia, nchi ambayo Wamisri waliiita Ta-Seti, yaani nchi ya upinde. Kikosi cha pili ni Wamisri wenye mikuki na ngao, na ngao zao zimepakwa rangi kuonyesha ngozi ya ng'ombe: madoa meusi, madoa mekundu, kila ngao na mabaka yake. Mfugaji yeyote wa Igunga au Nzega angezitambua ngozi zile bila kuambiwa. Ngozi mbichi ikikaushwa inakuwa ngumu kama ubao lakini haipasuki, na mshale unaoigonga kwa mshazari huteleza. Ndiyo maana ilitumika Misri, ikatumika kwa Wazulu, ikatumika kwa Wamasai, bila mmoja kulazimika kuiga kwa mwenzake.

Wagiriki walichukua njia nyingine. Ngao yao ilikuwa ya mbao, ya duara, upana wa karibu sentimita 90, uzito wa kilo saba hivi. Mtu aliingiza mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo nusu ya ngao ilimkinga yeye na nusu iliyobaki ilimkinga jirani aliye kushoto kwake. Mwanahistoria Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anasema majeshi ya namna hii yalikuwa na tabia ya kusogea kulia yakikaribia adui, kwa sababu kila askari alijibana kwenye ngao ya mwenzake wa kulia. Naipenda sana habari hii. Inaonyesha hofu ya mtu mmoja mmoja ikisukuma jeshi zima, na inaonyesha kwamba ngao haikuwa mali ya mtu binafsi. Ukiitupa, umemvua nguo jirani yako.

Warumi nao walibuni silaha iliyolenga ngao yenyewe. Mkuki wao wa kurusha ulikuwa na shina refu, jembamba, la chuma, na ncha ndogo. Ulipopenya ngao haukutoka, ukaning'inia na kuivuta chini. Adui akalazimika kuitupa, na hapo ndipo askari wa Kirumi alipoingia na upanga mfupi. Mwili wake mwenyewe ulikuwa ndani ya deraya ya pete, yaani vazi la vita lililofumwa kwa pete za chuma. Deraya kamili huhitaji pete 20,000 au 30,000, kila pete imepita ndani ya nyingine nne. Inazuia makali ya upanga vizuri sana, lakini pigo zito la rungu huvunja mfupa chini yake bila kukata pete hata moja, kwa hiyo ndani yake huvaliwa nguo nene iliyotiwa pamba au sufi.

Vitu hivi vyote vilitegemea nani ana madini. Shaba hulazimika kuchanganywa na bati ndipo iwe ngumu, na bati hupatikana sehemu chache za dunia. Mawe ya chuma yamejaa kila mahali. Hapa kanda yetu watu hawakungoja kuletewa: kule Kagera wanaakiolojia wamechimbua matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Wahunzi wa Usumbwa na wa Buha, upande wa Kigoma, walijulikana mbali kwa chuma chao. Na mhunzi aliyefua mkuki ndiye aliyefua jembe. Jembe lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na kwa nafaka, na kwa kila mkuki mmoja ninaouonyesha wageni, tanuri zile zilitoa majembe mengi zaidi. Nasema hivi kwa sababu wageni hupita haraka kwenye meza ya majembe kwenda kwenye silaha.

Baruti ilianzia China karne ya 9, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Bunduki za kwanza za mkononi zilizoenea Ulaya zilikuwa za mrao: utambi unaowaka ulishushwa kwenye baruti. Watu wengi hudhani deraya za chuma za Ulaya zilikufa siku ile ile bunduki ilipofika. Si kweli. Deraya nzuri ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, umesambazwa mwili mzima, na aliyeivaa aliweza kukimbia na kupanda farasi. Mafundi walijibu bunduki kwa kunenepesha bamba la kifua, kisha wakalipiga risasi wenyewe kabla ya kuliuza na kuacha kile kibonyo kionekane, mnunuzi ajue kwamba limejaribiwa. Lakini bamba nene ni zito. Askari wa miguu akatupa kwanza la mguuni, kisha la mkononi, mwisho la kifua.

Ngao ilikufa kwa sababu nyingine, rahisi zaidi: bunduki inataka mikono miwili.

Sasa turudi nyumbani. Kati ya miaka ya 1840 na 1850 makundi ya Wangoni waliotoka kusini yalifika Ufipa, na baada ya kiongozi wao Zwangendaba kufariki, kundi moja, Watuta, lilipanda hadi Ujiji na mipaka ya Unyamwezi. Walikuja na ngao kubwa ya ngozi na mkuki mfupi wa kuchomea ana kwa ana, na zaidi ya hapo walikuja na nidhamu ya vijana waliopangwa kwa rika. Mtemi Mirambo wa Urambo alijifunza kwao, na baadaye walipigana upande wake. Lakini miaka hiyo hiyo misafara ya pwani ilikuwa inaingiza bunduki. Kwa hiyo ngao bora kabisa kuwahi kufika kanda hii ilifika pamoja na kitu kitakachoiua. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule Unguja alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Anayewaambia watoto kwamba babu zetu walikutana na Mjerumani wakiwa na mikuki mitupu anakosea. Gobore lilikuwa kitu cha kila siku Unyamwezi kabla hata ya Mjerumani wa kwanza kupandisha bendera hapa mwaka 1890.

Nieleze gobore linavyopakiwa, maana hapo ndipo penye siri. Unasimamisha bunduki, unapima baruti na kuimimina mtutuni. Unafuatisha kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi ya duara. Unachomoa mdeki na kushindilia. Kama ni gumegume, yaani bunduki inayowashwa kwa jiwe la cheche, unafunua kisahani cha pembeni, unatia baruti kidogo, unafunika, unavuta mtambo. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinaruka, kisahani kinawaka, na baada ya kitambo kidogo bunduki inalia. Askari aliyefunzwa vizuri alipiga mara tatu kwa dakika. Zaidi ya hatua mia, kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati. Masika yakiingia na kisahani kikilowa, ulibaki umeshika fimbo ya gharama kubwa. Na katika shughuli hiyo yote, ya kumimina na kushindilia, umesimama wima, mwili wako uko wazi.

Ngao ya kumkinga mtu huyu haikuwezekana kushikwa mkononi. Ilibidi isimame yenyewe. Watu wa Unyamwezi wakaihamishia kwenye ukuta. Vijiji vilizungushiwa boma la magogo, udongo na miti ya miiba, kukachimbwa handaki nje, na matundu yakaachwa ya kutokezea mitutu. Mwenye gobore alipakia akiwa nyuma ya ukuta, akapiga kupitia tundu, akarudi kupakia. Tembe lenye kuta nene za udongo na paa bapa lilifaa vile vile. Na mahali pasipokuwa na ukuta palikuwa na majani. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora na wafuasi wao, Henry Morton Stanley akiwa pamoja nao kwa sehemu ya safari ile, walikwenda kumpiga Mirambo. Waliiteka Wilyankuru, wakaanza kurudi na mateka na pembe za ndovu. Mirambo alikuwa amewaficha watu wake kwenye majani marefu pande zote mbili za njia, wakawavamia. Mwezi huo huo rugaruga zake, yaani askari wake, walikuwa ndani ya Tabora yenyewe. Stanley, aliyekuwa akikaa Kwihara, alilazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Mirambo alishinda siku ile ya majani kwa kuchagua mahali pa kuvizia.

Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliutegemea ukuta pia. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome yake wakarudishwa. Wakati huo Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa tayari umepiga marufuku kuuza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku gumegume zikiachiwa. Mataifa ya Ulaya yalijua vizuri tofauti iliyopo kati ya hizo mbili. Januari 1893 kikosi cha afisa wa Kijerumani Tom von Prince kilivunja ngome, na Isike akajilipua kwenye ghala lake la baruti.

Tofauti yenyewe ni hii. Mauser ya mwaka 1871 waliyobeba askari wa Kijerumani hupakiwa kwa nyuma, kwa risasi yenye ganda la shaba, baruti ikiwa ndani tayari, mvua isifike. Na anayepakia kwa nyuma anaweza kulala kifudifudi. Wengi wakielezwa bunduki ya kisasa hutaja kasi na umbali. Mimi naona kulala ndilo jambo kubwa kuliko yote. Tangu hapo ardhi ndiyo ikawa ngao ya askari wa miguu. Bombomu ya Maxim, bunduki ya kumimina risasi mfululizo iliyobuniwa 1884, ikafanya kusimama kuwa kujiua kabisa.

Hata Mauser ile ilizeeka. Ilitumia baruti ya moshi, na Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, kila askari aliyeipiga aliacha wingu jeupe juu ya kichwa chake, ilhali Wafaransa walikuwa na baruti isiyo na moshi tangu 1886. Vita hivyo vilifika kwetu mwaka 1916. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, lilichukua Kigoma mwezi Julai, likapigana Lulanguru na Itaga, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Pande zote mbili waliopigana wengi wao walikuwa Waafrika, vichwani wana kofia za kitambaa. Mwaka uliotangulia, kule Ulaya, Wafaransa na Waingereza walikuwa wameanza kuwapa askari wao kofia za chuma. Handaki linakinga kifua, lakini vipande vya makombora hunyesha kutoka juu.

Ndivyo kinga ilivyorudi mwilini. Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek, wa kampuni ya DuPont ya Marekani, aligundua uzi uliokuja kuitwa Kevlar. Tabaka nyingi za kitambaa chake huidaka risasi ya bastola kama wavu unavyodaka samaki, ukinyooka na kusambaza nguvu. Risasi ya bunduki kubwa huupita. Kwa hiyo mbele na nyuma huongezwa sahani ya kauri, ngumu kuliko risasi, inayoivunja vipande, na kitambaa kikadaka vipande hivyo. Fulana kamili na sahani zake huweza kufika zaidi ya kilo 10, na askari wa leo analalamikia uzito ule ule aliolalamikia mwenye bamba la kifua miaka 400 iliyopita.

Kuna jambo la kazi nalotaka wasomaji wa Tabora na Kigoma walichukue. Mzee mmoja alitujia na mfuko wa nailoni, akaumwaga mezani: risasi saba alizozikuta akilima tumbaku. Nne zilikuwa maganda matupu. Tatu zilikuwa nzima. Risasi iliyokaa ardhini miaka mia moja bado inaweza kulipuka, na kutu huifanya isitabirike. Ukiikuta, usiigonge, usiisugue, usimpe mtoto. Iache pale pale, weka alama, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Gobore la marehemu babu lililo darini lina sheria yake pia, ya mwaka 2015, na kituo cha polisi ndipo pa kuanzia.

Bapa la mkuki, chembe ya mshale au kipande cha bomba la udongo la mvukuto ni habari nyingine. Kabla hujakiokota, piga picha kikiwa ardhini. Kutu usiitoe, mara nyingi ndani yake kumebaki nyuzi za mti wa mpini, nasi huweza kujua ni mti gani. Kisha tuambie umekiona wapi: shamba la nani, upande gani wa mto, kina cha jembe ngapi.