"Nimekufananisha": "with" si "na" ya kila mahali

Wiki hii nimelisikia tena kosa hili la Kiingereza, mara tatu katika darasa moja: "I mistook you with your sister." Najua linakotoka. Kiswahili kinasema "nimekufananisha na dada yako", basi mwanafunzi anaamini kila "na" ni "with". Sivyo. "Mistake" huenda na "for": "I mistook you for your sister." Ukiing'ang'ania "with", tumia "mix up": "I mixed you up with your sister."

Ila kinachonimaliza nguvu ni imani kwamba ukishaiweka hiyo "for", yupi atangulie si hoja. Tuseme uko kituo cha daladala, unampiga mtu begani ukidhani ni Juma. Anageuka, humjui. Utamwambia, "Sorry, I mistook you for Juma." Ukisema "I mistook Juma for you", kisa kimegeuka: uliyempiga bega ni Juma mwenyewe, nawe ukadhani ni huyu bwana. "Si ni yale yale, mwalimu?" Yale yale wapi! "The police mistook him for the thief": asiye na kosa yuko mahabusu. "The police mistook the thief for him": mwizi kaachiwa, kaenda zake. Kanuni yangu, nami huwaandikisha daftarini hata wakinuna: aliye mbele ya macho atangulie, uliyemdhania akae baada ya "for".

Kwa "mix up" unaweza kupumua kidogo, maana mara nyingi unawachanganya wote wawili: "I always mix the twins up." Wengine huhangaika na "up" wakitafuta kilichopanda juu. Hakuna kilichopanda. Hangaikia "them", ambayo lazima ikae katikati: "I mix them up", kamwe si "I mix up them".

"He got mixed up in a robbery" hakumaanishi alifananishwa na jambazi. Amejiingiza kwenye wizi. "You are mistaken" ni "umekosea", wala hakuna aliyekufananisha. Na mtu akikuuliza "What do you take me for?", usimtajie bei ya nauli. Amekasirika, anauliza unamwonaje.

Halafu "mistaked". Hakuna neno hilo. Ni "mistook".