Umeombewa, kwa hiyo dawa umezitupa?

Mimi ni Mkristo, naomba, na sijawahi kumzuia mgonjwa kuombewa. Lakini kuna maneno kliniki nimeyasikia hadi yananikereketa.

"Nimepokea uponyaji, dawa nimeacha kwa imani"

Hili ndilo linalonimaliza nguvu. Mgonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, anaanza fluoksetini, moja ya dawa zake. Siku za mwanzo haoni kitu zaidi ya kichefuchefu. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa wengi inachukua wiki sita au zaidi kukamilika. Ikifika wiki ya tano analala, anakula, amerudi kwaya. Anaenda mkesha, anaombewa, Jumapili anasimama mbele kutoa ushuhuda, na vidonge vinaishia chooni. Wiki inayofuata yuko salama, na ile ya pili vilevile. Kanisa zima linapiga makofi. Wasichokijua ni kwamba fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ushuhuda ule ulikuwa bado unabebwa na dawa.

Miezi miwili mbele, usingizi unakatika saa tisa usiku, ugali haushuki, mawazo ya kufa yamerudi. Hapo hakuna anayekumbuka vile vidonge. Anaambiwa imani imelegea, ana dhambi ya siri, au roho ya kukataliwa imerudi na wenzake saba. Naye anakubali upesi, maana kujihukumu bila sababu ni dalili mojawapo ya sonona yenyewe. Mmemwongezea ugonjwa, tena kwa Biblia mkononi.

Ukipata nafuu, dawa inaendelea kwa angalau miezi sita, kisha inapunguzwa kidogokidogo, daktari akijua. Baadhi ya dawa za sonona ukiziacha ghafla unapata kizunguzungu, hasira za ovyo, ndoto za ajabu, na kitu kama shoti ya umeme kichwani. Nimeona watu wakikemewa pepo kwa dalili hizo. Na kabla hujaniuliza: hapana, hizi dawa hazikufanyi teja.

Soma Isaya 38. Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15, na bado nabii akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Hakuna aliyemwambia azibandue ili kuthibitisha imani.

"Mkristo wa kweli hapati sonona"

Eliya aliomba afe, tena mara baada ya ushindi wa Karmeli. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, malaika akamwamsha ale mara ya pili. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila haleluya. Tuendelee.

"ADHD ni ya watoto waliokosa fimbo"

ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza akili, hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Dalili huanza kabla ya miaka 12, na wengi wanazeeka nazo. Fimbo haijawahi kumwongezea mtu dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini. Kinachoongezeka ni aibu: aliyeitwa mzembe tangu darasa la pili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, ndiyo maana mara nyingi nawakuta na yote mawili. Ukitibu sonona ukaiacha ADHD, madeni, kuchelewa kazini na ahadi zilizosahaulika vitamrudisha kulekule.

"Asiyeweza kuomba saa nzima ni mchanga kiroho"

Mwenye ADHD akifumba macho, dakika ya tatu anawaza umeme wa LUKU unaokaribia kuisha. Basi asifumbe! Aombe akitembea, kwa sauti. Daftari ndiyo dawa yangu pendwa: ombi upande huu, LUKU upande ule, kisha anarudi kuomba. Zaburi moja fupi isomwe mara tatu badala ya sura saba zilizopita kama upepo. Kanisani apewe kazi ya mikono, kama kupanga viti au kushughulika na vyombo vya muziki. Na mchungaji anayempangia mgonjwa mikesha miwili kwa wiki simwelewi kabisa; usingizi ni sehemu ya matibabu.

"Kazi yetu jumuiya ni kuomba tu"

Ombeni, halafu mmoja wenu apige simu saa mbili usiku kuuliza kama kidonge kimemezwa. Mwingine amsindikize kliniki, maana tarehe ataisahau. Pelekeni chakula bila mahubiri. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja. Ondoeni sumu na akiba ya vidonge ndani ya nyumba, mpelekeni hospitali usiku uleule. Maombi yaendelee kwenye bajaji.