Mnaniletea Mtu Nimlize

Wiki iliyopita wamekuja tena. Safari hii watatu, kutoka upande wa Nanyamba, mkoani Mtwara: mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mama mkwe wake, na shemeji yake wa kike ambaye ndiye msemaji wa msafara. (Nimechanganya habari za familia kadhaa, asitambulike mtu.) Hawajakaa sawasawa kwenye benchi, shemeji akaanza: "Daktari, huyu kafiwa na mke. Arobaini imepita, hajatoa chozi hata moja. Tunaogopa yatamrudi. Tunaomba umlize."

Mimi si daktari, ni mnasihi, na sina dawa ya kuliza watu. Lakini hii ni mara ya nne mwaka huu, kwa hiyo naandika.

Ndugu huwa nawauliza kwanza: siku ya mazishi mlimwambia nini? Wanatazamana. Nalijua jibu, maana mikeka ya misiba hii nami naikalia. Walimwambia jikaze, wewe mwanaume, watoto wanakutazama. Akajikaza. Siku arobaini baadaye analetwa kwangu kwa kosa la kujikaza.

Wengine husingizia dini. Kwa kifupi: kinachokatazwa ni mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Chozi halina kosa. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Masheikh wetu wanalijua hili kuliko mimi, tuendelee.

Hofu ya shemeji ina wakubwa wake kwenye vitabu vyetu. Sigmund Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi, aliandika 1917 kwamba kuomboleza ni kazi ambayo mtu hana budi kuifanya. Mwaka 1937 mfuasi wake, Helene Deutsch, akasema huzuni isiyotoka itatafuta mlango mwingine wa kutokea. Nilifundishwa hivyo na nikaamini, na nimewakamua watu machozi kwa imani hiyo. Kisha ukaja utafiti wa mwanasaikolojia George Bonanno na wenzake, uliotoka 2002: watu 205 wa eneo la Detroit, Marekani, waliohojiwa kabla hawajafiwa na wenzi wao, kisha miezi 6 na miezi 18 baada ya kifo. Karibu nusu hawakuzama kwenye huzuni. Na si kwamba ndoa zao zilikuwa mbovu, maana hilo waliulizwa mapema. Ile huzuni ya kuchelewa tunayowatishia watu ilikuwa adimu sana. Sasa, wazee wa Detroit si wakulima wa Tandahimba, na sioni raha kuwabebesha watu wa huku majibu ya wale. Ila maandishi ya 1937 nayo hayakutoka Tandahimba.

Kinachonikera hasa ni kuchanganya kutolia na kukwepa. Asiyelia anaweza kulitaja jina la marehemu, akapita njia ya makaburini, akalala chumba kile kile, na jicho likabaki kavu. Anayekwepa anazunguka na baiskeli njia ndefu asilione kaburi, amefunga chumba kwa kufuli, jina likitajwa anakumbuka ana safari. Na huyo anaweza kuwa analia kila siku! Niliwahi kuwa na mama aliyelia kila tulipokutana, miezi mitatu mfululizo, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba kazi inakwenda. Kumbe kila nikikaribia kuuliza habari za siku yenyewe ya kifo, kilio kinaanza, nami nanyamaza kwa heshima. Machozi yalikuwa ukuta wake. Ilinichukua muda mrefu kuliona hilo, na sikuliona peke yangu. Mwenzangu wa kazi ndiye aliyenishtua.

Kosa kubwa la mtu wetu wa Nanyamba, kwa maelezo ya shemeji, ni kwamba siku ya tano alirudi shambani. Ilikuwa Oktoba. Korosho zinadondoka, na mvua ikizikuta chini, ya daraja la kwanza inakuwa ya daraja la pili, au huuzi kabisa. Angefanyaje? Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara kwenye pengo, mara kwenye maisha yanayomdai. Kuokota korosho kumo ndani ya kuomboleza. Wazee wetu walilijua hili kwa njia yao. Mtani anayejilaza kaburini na kudai hela mpaka mfiwa anacheka hajaja kuharibu msiba. Bonanno na Dacher Keltner waliandika 1997 kuhusu wafiwa waliocheka kicheko cha kweli walipomzungumzia mwenzi aliyekufa. Walikuwa na nafuu zaidi. Mtani angewadai ada.

Ukidodosa, mara nyingi hofu si ya ugonjwa. Machozi yanadaiwa kama risiti: kwamba alimpenda, kwamba hana mwanamke mwingine, kwamba kifo hakina mkono wake. Risiti hiyo mimi siitoi.

Kuna kinachonitisha, ndiyo. Mtu anayeanza na uraka, pombe ya mabibo, asubuhi. Asiyekula wala kulala wiki kwa wiki. Anayesema anataka kumfuata marehemu. Huyo msimsubirishe mnasihi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kuhusu huzuni iliyoganda, vitabu havielewani: Shirika la Afya Duniani, la Geneva, linaihesabu kuwa ugonjwa kuanzia miezi 6, wataalamu wa akili wa Marekani, tangu 2022, wanataka miezi 12 kwa mtu mzima. Mfiwa wangu aliyetimiza miezi minane, Geneva anaweza kuitwa mgonjwa, Washington ni mfiwa tu. Na niliwahi kuiambia familia moja "mwacheni," nikaja kumwona yule bwana mwaka uliofuata kilabuni, kaisha. Kama ningemwita mapema ingesaidia? Bado najiuliza.

Tuwarudie wageni wangu. Nilimwomba yule bwana anieleze siku yake inavyokwenda. Akatazama vidole vyake, vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Anaamka saa kumi na moja, anafunga ndoo mbili kwenye baiskeli, anapeleka maji kwa mama mkwe, kwa sababu mke wake alikuwa akimpelekea mama yake maji kila asubuhi. Akirudi ndiyo anakwenda shamba. Khanga ya mke wake ameiacha kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nikamgeukia bibi. "Anayaleta, bibi?"

"Anayaleta," akasema. "Kila siku."

Tukakaa kimya kidogo.

"Lakini halii," akasema shemeji.